Kanga Nyekundu Mlangoni mwa Pango

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, kana kwamba ni ya leo, na nimekuita ukae uandike kwa sababu nimewasikia mnavyopiga kelele tangu jana. Mnakwenda ziwani. Mmeonyeshana kwenye simu lile pango la kule chini, karibu na Kihagara, lenye maji ya kuogelea ndani yake, na kila mmoja anasema yeye ndiye atakayeruka wa kwanza. Vizuri. Mimi niliruka humo kabla mama zenu hawajazaliwa. Andika ninavyosema, usipunguze neno, kisha uwasomee wenzako kabla hamjapanda gari.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, mtoto wa kijiji cha Mbuji, mtoto wa mlimani. Maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya kijito, na ya ngolo, yale mashimo tunayochimba kulimia mteremkoni shambani kwetu, ambayo hujaa mvua inaponyesha na hukauka isiponyesha. Mwaka ule, mahindi yalipokwisha kuvunwa, baba alinituma nimpelekee maharage shangazi yangu Veronika, aliyeolewa na mvuvi kule Kihagara. Niliteremka kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wakifuata usipa, dagaa wa ziwa letu. Tulipotokeza kwenye kilima cha mwisho nikaliona ziwa lote kwa mara moja, niliutua mzigo chini nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Shangazi alikuwa na binti wa rika langu, Esta. Huyo hakunipa hata nafasi ya kupumzika.

“Skola, nyie wa mlimani mnaoga kwa kata,” aliniambia. “Kata moja kichwani, kata moja mgongoni, basi, mmetakata!”

“Na nyie mnaoga kutwa nzima na bado mnanuka usipa.”

“Haya, kesho nakupeleka pangoni. Tutaona nani atamlilia mama yake.”

Asubuhi shangazi alitupa kanga yake nyekundu. Desturi ya wanawake wa pale ilikuwa hii: kabla ya kuingia pangoni, kanga hutandazwa juu ya mwamba ulio mlangoni na kukandamizwa kwa mawe, nayo haiondolewi mpaka mtu wa mwisho ametoka. Shangazi alilisema hilo akimtazama Esta, kisha akalirudia akinitazama mimi. Hakueleza sababu, nami sikuuliza. Nilidhani ni jambo la staha tu, ili wanaume wapitao na mitumbwi wasisogee karibu.

Mwanangu, uzuri wa mahali pale unanishinda kuusema. Unapita kwenye uwazi mfupi, umeinama, maji yakiwa magotini; unakwenda hatua chache, kisha unanyanyuka na kujikuta ndani ya chumba cha mawe kirefu kama kanisa. Mwanga hauingii kwa juu. Unaingia kwa chini, kupitia ziwani, hivyo maji yenyewe ndiyo yanayowaka, ya buluu, na samaki wadogo wa manjano wanapita kati ya vidole vya miguu yako bila woga wowote. Esta aliruka, na ukelele wake ukazunguka kuta zote ukaturudia. Nami nikafumba macho, nikamtaja Bikira Maria, nikaruka upande wa maji ya kifuani! Nilimeza maji, nikakohoa, nikapanda juu ya jiwe, nikaruka tena. Tuliimba nyimbo za kanisani, yeye za Kianglikana, mimi za Kikatoliki, kwa wakati mmoja, kila mtu akitaka kumshinda mwenzake, na pango likaziimba zote. Hata leo nikilisimulia hili moyo unanidunda.

Nilitoka mimi kwanza. Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi, na Esta alisema hatoki mpaka azamie mara nyingine kutafuta mawe meupe ya chini. Nje jua lilikuwa kali, anga safi, hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Nikaitazama ile kanga, kavu, yenye joto. Nikaondoa mawe, nikajifunga, nikaenda kukaa nyuma ya mwamba kula mihogo tuliyoibeba.

Baada ya muda nikauona mtumbwi wa Mzee Yohana, jirani wa shangazi, ukipita upesi kuelekea nyumbani. Alitazama upande wa pango. Mimi nikainama nisionekane, maana kanga moja haikuwa vazi la kumwamkia mzee. Akapita.

Muda si mrefu, wimbi likaja na kunilowesha miguu pale nilipokaa. Likaja lingine, kubwa zaidi. Nikatazama juu: hapakuwa na wingu. Hilo ndilo kosa la mtu wa mlimani, kusoma anga badala ya kusoma maji. Sikujua kwamba mwera, ule upepo wa kusini, ukivuma mbali hutuma mawimbi mbele yake, na ziwa huvimba chini ya jua kali. Niligeuka kuutazama ule uwazi tulioingilia. Wimbi lilipokuja liliuziba wote.

“Esta!”

Sauti yake ilitoka maji yaliporudi nyuma, ikakatika yalipoingia tena. “Skola! Siuoni mla—”

Mwanangu, kuogelea sikujua. Nilipanda juu ya mwamba, nikaivua ile kanga mwilini bila kukumbuka staha, nikaipunga kwa mikono miwili nikipiga mayowe: “Baba! Baba Yohana! Mtu yumo!” Mtumbwi ulikuwa umekwisha kuwa mdogo kule mbele. Nilipunga. Nikaona kafi inasimama. Nikaona mtumbwi unageuka.

Mzee yule alikuja akipiga kafi kwa nguvu. Aliruka majini, akashika ukingo wa uwazi, akawa anapaza sauti kila wimbi lilipotoka: “Esta, shika ukuta wa kulia! Maji yakiingia, ng'ang'ania! Usipigane nayo! Yakitoka, njoo nayo! Sasa! Njoo!” Mara ya kwanza hakutoka mtu. Mara ya pili hakutoka mtu. Mara ya tatu ukatoka mkono, na mzee akauvuta, na Esta akatokea mwili wote, magoti yakivuja damu, akitapika maji, hai. Nilimkumbatia nikilia na kucheka, naye akasema kwa sauti iliyokauka, “Nani sasa anamlilia mama yake?”

Mzee Yohana alinirushia kanga nijifunike, akageuza uso. “Niliutazama mwamba,” alisema. “Ulikuwa mtupu. Nikasema, hakuna mtu.”

Jioni shangazi alinifanya nisimulie mwenyewe, nimesimama, mbele ya mumewe.

“Uliona baridi?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Ukajipasha joto kwa uhai wa mwenzako.”

Siku zote zilizobaki nilikaa juu ya mwamba ule kuilinda kanga, wenzangu wakiimba ndani. Sikunung'unika.

Basi sikilizeni. Siwakatazi kwenda, nendeni, rukeni, pigeni kelele mpaka pango lichoke. Lakini mkifika, waamkieni wenyeji kwanza, Shikamoo kwa kila mzee, mkawaulize ziwa limeamkaje. Mkielezwa desturi msiyoielewa, ifuateni kwanza, sababu mtaiuliza jioni. Na wewe utakayetangulia kutoka, ukaota jua na kushiba, usidhani kazi imekwisha kwa kuwa mwili wako umepona. Kilichowekwa kwa ajili ya wote si chako kukichukua wakati mwenzako bado yumo. Wengi nimewaona wakifanya hivyo hata nchi kavu, katika nyumba zao na katika ndoa zao, na hao hawakupata Mzee Yohana wa kugeuza mtumbwi.

Mungu awateremshe salama katika kona zote za mlima, awape maji matulivu na vicheko vingi. Idadi atakayoipeleka ndiyo airudishe, asipungue hata mmoja, nami niwasikie mkigombana hapa uani nani aliruka vizuri zaidi.