Ami Abdulwahab Atafutiwa Asili Yake

Ami Abdulwahab, muuza saruji wa Ukunda, hajawahi kufika Maskati, lakini alijua kwa yakini kwamba asili yake ni huko. Kwa hiyo Dzombo, mkulima kijana wa Mkongani, alipoleta posa ya Subira, binti wa Ami, alijibiwa kwa upole kwamba damu haichanganywi ovyo. Subira alilia siku tatu. Ili kuyamaliza maneno, Ami akaajiri mtafiti wa nasaba kutoka Nairobi, mtu mwenye shahada mbili.

Kwa miezi miwili mtafiti alipekua madaftari ya zamani ya ndoa na kuwahoji wazee. Ripoti ilipofika, niliitwa mimi kuisoma mbele ya familia, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na sijui kukataa.

"Babu yako Chirau alizaliwa Mkongani," nilisoma. "Baba yake, Sanga, Mkongani. Baba yake Sanga, Chirau, Mkongani."

"Ruka hapo, mwanangu. Nenda Maskati," alisema Ami.

"Ami, zimebaki kurasa mbili, na zote ni za Mkongani."

Shangazi Biasha alicheka mpaka akamwaga chai. "Kaka, kumbe wewe na Dzombo ni wa kijiji kimoja! Sasa utamnyima mke kwa damu ipi?"

Nikaha ilifungwa Ijumaa iliyofuata, naye Ami alimweleza kila mgeni kwamba haozi binti kwa kubahatisha: mkwe huyu amechaguliwa kitaalamu.