Dalali Mwenye Kigugumizi

Siku tuliyomzika Emil Hruska, mchungaji alisimama kando ya jeneza akasema kwamba mwenye neno la kumkumbuka marehemu anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama ukutani, wafugaji tupu na wake zao, na kila aliyeketi alikuwa amekalia mikono yake au ameibana katikati ya magoti. Mchungaji alikuwa mgeni kwetu, na nilimwona uso ukimshuka. Bila shaka alidhani marehemu hakupendwa na mtu.

Maskini, angejuaje? Hapa Plum Fork, mtu aliyewahi kukaa mbele ya Emil hachezi na mikono. Emil alikuwa dalali wa mnada wetu wa ng'ombe kila Alhamisi, na ukijikuna sikio mbele yake umenunua fahali. Jirani yangu Dorothea alimpungia shangazi yake siku moja, akarudi nyumbani na mtamba mwenye chongo. Mumewe mpaka leo anamwita mtamba huyo Shangazi.

Mimi naitwa Arlys. Nilikaa karibu na Emil pale jukwaani miaka yake yote ya udalali, kazi yangu ikiwa kuwachungulia wanunuzi na kupiga kelele "Huyu hapa!" kila nikiona ishara. Wafugaji wa kwetu ni wasiri, hawataki jirani ajue nani anapandisha bei. Mmoja hufumba jicho, mwingine huhamisha kijiti cha meno upande wa pili wa mdomo. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu unakuwa mdaku, nami sioni haya kukiri. Na jambo lililoninyima raha kuliko yote ni hili: dalali wetu alikuwa na kigugumizi.

Si kile cha kusitasita kidogo. Kuagiza kahawa tu kulikuwa safari. "K-k-k-ka..." mpaka mhudumu anammiminia tu kikombe na kumsogezea. Lakini akishika kipaza sauti, bei zilimtoka kama mahindi yanayomwagika guniani, hajikwai hata mara moja. Nilimuuliza na kumuuliza: "Emil, hebu niambie, inakuwaje?" Naye alibetua mabega tu. Siku moja, akiwa amechangamka, alisema, "D-d-dada, f-farasi akisharuka, hu-hupati nafasi ya kuo-kuogopa."

Farasi alikuwa anawajua. Kabla ya udalali alizunguka na michezo ya rodeo, akipanda wale farasi wakorofi wasiokubali mtu mgongoni, Wyoming, Oklahoma, mpaka Texas. Nadhani aliupenda mchezo ule kwa sababu haumtaki mtu aseme kitu. Mlango wa kizimba unafunguliwa, unarushwa, ukidumu sekunde nane unashangiliwa, usipodumu unakula vumbi. Farasi mmoja alimvunja nyonga, na kitandani hospitalini, kwa kukosa la kufanya, akaanza kuuza ng'ombe wa kuwaza tu, akighani bei mchana kutwa mpaka wauguzi wakaomba ahamishwe wodi. Ndivyo alivyogundua kwamba ulimi wake haujikwai ukikimbizwa.

Lakini kwenda rodeo kulikuwa na gharama. Aliondoka nyumbani bila kuaga, akawaacha baba yake na kaka yake, Ladislav, tuliyemwita Lad, na kazi zote za ranchi. Baba yao alikufa majira ya ng'ombe kuzaa, Emil akiwa kusini hajulikani alipo. Alipofika, nyasi zilishaota kaburini. Lad alimkuta getini.

"Umekuja kuzika nini?" Lad alimuuliza.

Emil akafungua mdomo. Neno halikutoka. Lad alimtazama kidogo, kisha akafunga geti, na tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemezana.

Sasa sikia maajabu. Kila Alhamisi Lad alikuja mnadani, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na jiko la kuni. Ishara yake ilikuwa vidole viwili kwenye ukingo wa kofia. Emil alikuwa akimtazama na kughani, nani ananipa zaidi, nani ananipa zaidi, na vidole viwili vikapanda. "Ameuzwa!" Basi, mazungumzo yamekwisha mpaka Alhamisi nyingine. Baadhi ya ng'ombe alionunua Lad walikuwa vikongwe visivyo na faida yoyote. Mimi nilikuwa naona, na nilikuwa nawaza.

Kisha ukaja ukame. Malisho yakaisha, magoti ya Lad nayo yakaisha, na mtoto hana. Ikabidi auze kundi zima. Sasa kwetu, mtu akiuza kundi lake lote, dalali hutangulia kusema machache kuhusu ng'ombe hao na nyumba waliyotoka, kwa maneno ya kawaida, siyo ya mbio. Siku zote Emil alimwachia Gaylord, mwenye mnada, aseme badala yake, na hakuna aliyemlaumu. Asubuhi hiyo Gaylord aliponyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, Emil hakukitoa.

"Emil," nilimnong'oneza, "usijitafutie aibu. Mpe Gaylord."

"N-n-nitasema mwenyewe."

Wilaya nzima ilikuwa imeketi pale, na Lad alikuwa chini uwanjani na fimbo yake, akiwaswaga ng'ombe wake kwa mara ya mwisho. Emil akikwama, atakuwa amemnyamazia kaka yake mara ya pili, na safari hii mbele ya watu.

"H-h-hawa," alianza, "ni ng'ombe wa b-b-b..."

Akakwama. Mtu mmoja alikohoa, mkewe akamfinya. Shingo ya Emil ilivimba mishipa, jasho likamtiririka, na sisi sote tukawa tunatazama viatu vyetu. Ng'ombe wa kwanza alizunguka uwanja mpaka akachoka, akasimama.

"...wa baba. K-kaka yangu ame-amewatunza p-peke yake. M-mimi s-s-sikuwepo."

Nililia. Sitafuti maneno ya kupamba, nililia tu.

Akavuta pumzi, akaingia kwenye bei, na ulimi ukashika mbio zake. Ng'ombe yule alikuwa mzee, uso mweupe, sikio limechanika. Mnunuzi mmoja wa mbali akapandisha, mwingine akajibu. Ndipo pale chini uwanjani Lad akainua vidole viwili kwenye ukingo wa kofia.

Kwetu ni aibu kubwa mwenye mali kutia bei kwenye mnyama wake, ni sawa na wizi, maana anawapandishia wenzake bei. Niliona nikameza kelele yangu. Emil naye aliona, na angeweza kugeuza macho. Alipiga nyundo.

"Ameuzwa! Kwa Lad Hruska!"

Ukumbi uliangua kicheko. "Lad, umejiuzia mwenyewe!" "Usijipunje, mzee!" Yule mnunuzi wa mbali, ambaye alikuwa na haki ya kugomba, alivua kofia akasema, "Mwacheni na ng'ombe wake."

Waliobaki waliuzwa wote, na kwa bei nzuri. Tangu hapo kila Jumapili gari la Emil lilionekana limeegeshwa ndani ya geti la Lad. Akiulizwa anasema ameenda kumtazama ng'ombe. Walizungumza nini, sijui, na kutojua kunaniwasha mpaka leo. Nilimbana Lad dukani: "Vile vidole siku ya mnada, vilikuwa mazoea ya mkono au ulikusudia?"

"Arlys," alinijibu, "umbea utakuua."

Basi turudi kanisani. Mchungaji alikuwa ameanza kufunga kitabu chake. Lad alikuwa benchi la nyuma kabisa kama kawaida yake, kofia iko gotini maana tulikuwa kanisani. Nikaona vidole viwili vinapanda polepole, vinagusa paji la uso lisilo na kofia. Mchungaji hakuona. Angeona vipi?

Nilisimama. "Huyu hapa!" nilipiga kelele, kwa sauti ileile ya Alhamisi.

Kanisa zima liligeuka. Lad akaja mbele na mkongojo wake, akasimama kando ya jeneza.

"Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi," alisema. "Siku ile getini alikuwa anatafuta neno. Mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote. Ningeweza kumsubiri."

Kisha akarudi kukaa kwenye benchi lake.