Dirisha la Nyuma Kushoto

Wakwe walijitolea kuleta gari jipya la kumchukulia binti yangu, nikakataa papo hapo. Bibi harusi wa nyumba hii angetoka Kinondo hadi Msambweni katika gari la babake, basi. Mke wangu akaniuliza, "Na lile dirisha, baba watoto?"

Dirisha la nyuma kushoto lilikuwa limekwama wazi tangu masika, nasi tukaliziba kwa kipande cha nailoni. Bibi harusi wetu haonwi na wapita njia, na barabara ya kwetu ina vumbi la kumpaka unga mtu mzima. Lazima lifungike. Miaka mingi nilikuwa fundi umeme wa hoteli Diani, na majenereta makubwa yalinitii. Leo nishindwe na swichi ya dirisha?

Nikaibandua kava ya ndani ya mlango kwa kisu cha jikoni nilichokiviringishia kitambaa. Polepole, maana plastiki kuukuu iliyopigwa na jua huvunjika kama kachri za muhogo wa kukaanga. Klipu tatu zilikatika hata hivyo. Nikachonga nyingine kutoka kwenye ndara mbovu, zikashika kuliko zile za kiwandani. Ndani ya swichi chumvi ya pwani ilikuwa imeota ukijani kwenye shaba, nikaisugua kwa ndimu na mswaki, nikaisuuza, nikaianika. Nyaya mbili zilikuwa zimeliwa hata rangi hazitambulikani. Nikazikata na kuziunga upya, mke wangu akashona kitambaa cha mlango palipochanika, nikarudisha kila kitu mahali pake.

Nikabonyeza juu. Kimya. Nikabonyeza chini, na kioo kikapanda hadi mwisho.

Nilikuwa nimeziunga nyaya kinyume. Kuifungua tena kava ni kuvunja klipu nyingine, na kukiri mbele ya mke wangu ni balaa zaidi. Nikamwambia, "Si umeona? Linafungika."

Siku yenyewe binti alikaa nyuma kushoto na buibui lake, shangazi yake pembeni. Kwa ajili ya joto nilikuwa nimeacha upenyo mdogo wa hewa. Kwetu mama hamsindikizi bibi harusi, kwa hiyo mke wangu alisimama kizingitini, uso mkavu.

"Baba, nafunga dirisha, twende," binti akanong'ona. "Nikimtazama mama nitalia."

Akabonyeza. Kioo kikashuka chote.

Mke wangu akaja mbio bila viatu. Akaingiza mikono yote miwili, akamkumbatia kichwa mwanawe, wakalia kwa sauti. Shangazi akawa anasema, "Jamani, watu wanaona!" Mimi nilishika usukani, machozi yananitoka, sikumwonyesha mtu swichi.

Mpaka leo mke wangu huwaambia majirani, "Wangu hakuondoka hivi hivi. Alinifungulia dirisha." Nami, mtu wa kujisifu kwa kila swichi niliyoigusa, hiyo sijaisemea neno. Tukisafiri, namkalisha mbele, mbali na swichi ile.