Mjukuu Aliyefika Bila Taarifa

Wazo la kwenda Majimoto kwa mama bila kutoa taarifa lilikuwa langu, nisimsingizie yeyote. Binti yangu alikuwa na miezi saba, na kwa miezi hiyo yote nilikuwa nimekaa Dar na simu mkononi nikitazama video za watu wanaowashtukiza wazazi wao. Binti anatokea mlangoni, mama anaangusha sufuria, wote wanalia, na watu wasiowajua wanabonyeza kopa. Nami nikataka mama yangu aangushe sufuria.

"Mpigie kwanza," mume wangu alinishauri. "Mama ni mtu mzima, asije akashtuka."

Nilimdharau kwa woga wake.

Mama alikuwa hajamwona mjukuu. Simu yake ilikufa zamani, kwa hiyo nilikuwa napitia kwa kaka yangu, anayeishi naye kwenye nyumba niliyomjengea mama. Kila nikipiga, mama amelala, au yuko kanisani, au ametoka hapo kwa jirani. Niliamini. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na niliamini.

Ndege ilikuwa ya panga boi, na viti vyake ni vya kubanana. Nilikaa karibu na baba mmoja mwenye suti, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni kama kengele ya ng'ombe. Alikuwa anakwenda semina, na alihakikisha watu wa safu tatu wanajua. Tulipoanza kupaa nikamnyonyesha mtoto ili masikio yasimuume. Yule baba akageukia dirishani kwa kishindo, kama vile ziwa langu limetoa hoja dhidi yake. Tulipofika juu mtoto akalia, na kilio chake ni cha kweli, hakina aibu.

"Dada, huwezi kumtuliza? Wengine tumelipia tupumzike."

"Pumzika, kaka. Nani amekushika?"

Baadaye ndege ikarukaruka kwenye mawingu, na yeye ndiye aliyeng'ang'ania mkono wangu mpaka kucha zikaniingia. Mtoto alikuwa amelala. Tuliposhuka Mpanda hakuniaga.

Kutoka Mpanda tulipanda mchomoko, zile gari ndogo ambazo dereva haondoki mpaka watu wakaliane mapajani. Mbugani tukafunga vioo kwa sababu ya mbung'o, joto likawa la tanuri, na hapo hapo mwanangu akachafua nepi mpaka mgongoni. Nilimbadilisha juu ya magoti yangu huku abiria wote wakitoa ushauri na hakuna aliyeshika hata kitambaa.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu, mke wa kaka, sebuleni kwenye kiti cha mama, anatazama tamthilia. Kilichoanguka kilikuwa rimoti.

"Jamani wifi! Mbona hamkusema?"

"Mama yuko wapi?"

"Mama ametoka kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Huko Mamba. Shambani." Akamshika mtoto shavu haraka. "Ona alivyofanana na mjomba wake!"

Nilifungua chumba cha mama. Ndani kulikuwa na friza, magunia ya mpunga na bodi ya pikipiki. Kitanda hakikuwepo. Wifi akasema nile kwanza, amepika wali. Nikamwangalia mdomo ulivyokuwa unang'aa mafuta, nikatoka kutafuta bodaboda.

Mashamba ya mpunga ya Mamba yalikuwa yameanza kuiva, na ndege walikuwa wanashuka makundi kwa makundi. Mama alikuwa juu ya kichanja cha miti katikati ya shamba, anapiga debe bovu na kuzomea. Sauti ilikuwa imemkauka. Alipotuona kwenye tuta aliacha kupiga, akashuka taratibu, mguu kwa mguu, huku akivuta kanga kufunika blauzi iliyochanika begani.

Naomba nieleze nilichofanya hapo, kwa sababu nimewasema wengine. Nilinyanyua simu nirekodi.

"Weka hicho," mama alisema.

Nikaweka.

"Nani amekwambia niko huku?"

"Nimekuja kukushtukiza, mayu." Nyumbani tunamwita hivyo, kwa Kisukuma.

"Haya, nimeshtuka."

Hakulia. Alinawa mikono kwenye mfereji, akanawa tena, kisha akanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Mtoto akamtazama, akapiga yowe na kujificha shingoni kwangu. Mama akarudisha mikono.

"Ana haki. Angalia nilivyo."

Nilikaa naye kwenye kibanda cha nyasi anacholala. Kulikuwa na mkeka, sufuria moja, na dumu la maji. Alikuwa hapo tangu msimu wa kulima. Nilimuuliza kwa nini hakutafuta simu ya mtu yeyote aniambie.

"Nikwambie nini? Kwamba mwanangu amenitoa chumbani? Ungekuja na kelele. Yule ni mwanangu, mimi ndiye nitabaki naye. Wewe unapita."

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama kaka akafika na pikipiki. Shati jeupe, limepigwa pasi. Ni mdogo wangu niliyembeba mgongoni, ingawa sasa watu wanamwita mzee, na yeye anaitika.

"Dada, ungetoa taarifa tungejiandaa."

"Mjiandae nini? Kumwogesha?"

"Usiongee hivyo. Mama mwenyewe anapenda shamba. Amezoea. Ukimkalisha nyumbani anaumwa."

Nilikuwa nimeshapanga matusi ya kumtosha. Lakini mama, ambaye alikuwa anachochea moto bila kutuangalia, akasema, "Sijapenda."

Kaka akaanza kukung'uta vumbi kwenye shati.

"Kesho ndege utafukuza wewe," mama akaendelea. "Huyu atanirudisha nyumbani na pikipiki yako."

Hakubisha. Ningemheshimu kidogo kama angebisha. Akanikabidhi funguo, akakaa kwenye mkeka na shati lake jeupe, na tulipoondoka nikaona jinsi mbu walivyompokea.

Kitanda cha mama tulikikuta kwenye banda la kuku, kimesimamishwa ukutani, kuku wametagia chagani. Nilikiosha mwenyewe kwa sabuni na maji ya moto. Wifi alilia wakati friza linahamishiwa sebuleni, machozi ya kweli kabisa, na nikamwacha alie. Nilikaa siku nane. Siku ya tatu mtoto alikubali kubebwa, na kuanzia hapo hakutaka mgongo wangu tena, alitaka wa bibi yake. Mama alimwimbia kwa sauti ile iliyokauka kwa kuzomea ndege.

Kaka alimaliza msimu kichanjani. Niliambiwa mpunga uliliwa robo nzima, maana alikuwa analala. Simsamehei, na mama hajaniomba nimsamehe. Wanaishi nyumba moja, wanakula sahani moja, na mimi nimemtumia mama simu mpya anayoiweka kwenye pindo la kanga.

Siku ya kurudi, mama alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege Mpanda, mtoto mgongoni. Hakuwahi kufika hapo. Alisimama nje akawatazama abiria wenzangu, miwani ya jua na mabegi ya magurudumu, wakigombania mlango.

"Hawa ndio wanaopanda ndege?"

"Ndio, mayu."

"Si ulisema kila mtu ana kiti chake?"

"Ndio."

Akawatazama tena, akabetua midomo. Kisha akafungua kanga, akanipa mtoto.