Gati la Kisumu na Macho ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, wa hapa hapa Migori, alikuwa amezibwa macho yote mawili na mtoto wa jicho, na daktari wa kumpasua alikuwa Kisumu. Mke wangu alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ikaniangukia mimi. Taabu ni kwamba kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, ng'o! Nikakata fimbo ndefu, yeye akashika ncha moja na mimi nyingine, tukaondoka kama watu waliobeba kitanda kisichokuwapo.

Homa Bay tulifika mchana kwa basi. Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru, ziwa limefura kwa mvua na gati limemezwa na maji. Abiria walipita juu ya mbao nyembamba mpaka kwenye meli ya Kisumu. Mama aliposikia maji chini yake akasimama. Nikavuta fimbo, hakuja.

"Panda, mama, meli haingoji mtu!" baharia akafoka.

Nikaona safari imeishia hapo, na macho yale basi tena.

"Baba," Mama akaniambia polepole, "nipe mkono."

"Mama, mimi ni mkwe wako!"

"Nikizama utakuwa mkwe wa nani?"

Nikampa. Tukavuka mbao zile hatua kwa hatua.

Asubuhi tukaingia Kisumu. Yawa! Mimi niliyejiona nimetembea, mdomo ulibaki wazi. Reli inakuja mpaka ukingoni mwa maji, mabehewa yamesimama ubavuni mwa meli, na winchi inanyanyua marobota ya pamba kama si kitu. Shemeji Ochieng', mpwa wa Mama, ni kuli pale, naye ndiye aliyetupokea.

"Meli za kwanza hazikuja zikielea," akatuambia. "Zilitoka Mombasa vipande vipande, vingine vichwani mwa watu, zikaungwa hapa hapa."

"Meli kichwani? Acha uongo!"

Akatupeleka kwenye chelezo, mahali pa kutengenezea meli. Moja ilikaa nchi kavu, tumbo wazi, mafundi wakiligonga kwa nyundo.

"Ni kubwa kiasi gani?" Mama akauliza.

Nikamwambia kanisa letu lingeingia humo pamoja na kengele yake. Akaguna tu, akasikiliza nyundo.

Hospitalini alikaa majuma kadhaa. Siku ya kuruhusiwa akatokea na miwani mizito. Je, anaona? Roho ilikuwa juu juu. Lakini mkwe hamuulizi mama mkwe habari za mwili wake, na yeye hakusema neno.

Siku ya kurudi tulisimama gatini kungoja meli.

"Yule kijana aliye juu ya winchi," Mama akasema ghafla, "mbona amepanda bila viatu?"

Nikatazama. Miguu mitupu, kweli! Machozi yakanitoka mbele za watu, sikujali. Mama akaikagua meli tangu bomba la moshi mpaka majini. "Mungu wangu," akasema, "mikono ya watu ndiyo iliyofanya haya?"

Kisha akanigeukia. Nilimwoa bintiye yeye akiwa haoni tena. Nikainamisha kichwa kwa adabu.

"Inua uso, baba."

Nikainua. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama meli.

"Hm! Binti yangu aliniambia wewe mrefu."

Tulicheka mpaka makuli wakageuka. Ndipo nilipojua kwamba heshima yangu ya miaka yote ile ilikuwa ya mbali tu, na kwamba mimi na mama mkwe wangu tulijuana siku ile, pale gatini.