Fundi wa Akagi Anayeuza Gari kwa Kutaja Kasoro

Saa moja asubuhi, chini ya mlima Akagi nchini Japani, theluji bado imelala juu ya mapaa. Mzee Sekizawa Tadao anafungua karakana yake, anafuta vioo vya gari la buluu, lakini ufunguo haugusi. Mnunuzi yuko njiani, na injini lazima aikute baridi.

"Anayeipasha moto kabla mgeni hajafika, ana jambo analificha," anasema.

Fundi bodi huyu wa miaka sitini na saba hunyoosha vigari vya wakulima vilivyobonyea, na kwa mwezi hapati zaidi ya yeni laki mbili. Lakini gari hili ni jingine. Ni la milango minne, la turbo, toleo la magari mia tatu tu. Turbo kubwa zaidi, springi ngumu na klachi ya mashindano alifunga mwenyewe, jioni baada ya jioni, mkewe Sumie akimshikia taa.

Sumie ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Enzi zao, Jumapili walipanda mlimani na matonge ya wali na chupa ya chai. Siku za kazi, mzee alipofika nyumbani aliiacha injini ikinguruma kidogo uani ili turbo ipoe. Sumie akiisikia tu, anapakua supu.

"Siku hizi nazima, nasikiliza, sisikii hata mabakuli yakigongana," anasema.

Anauza kwa sababu goti limemshinda. Klachi ile ni ngumu kama jiwe. Na cheti cha ukaguzi, ambacho bila hicho gari haliruhusiwi barabarani, kinaisha mwezi huu. Kikiisha, watakaolitaka gari ni wavunja magari tu, wauze turbo huku na milango kule. Hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga, lakini si mikononi mwa Mzee Sekizawa. Wanunuzi watatu wameshaondoka. Salamu haijakwisha, yeye ameshataja kutu, mafuta yanayovuja na taa yenye ufa.

"Baba, unauza gari au unalishtaki?" anamtania bintiye, Chinatsu, akileta chai.

"Mtu ajue anachonunua."

"Atajua, baba. Mwache basi aingie getini!"

Mnunuzi wa leo ni Motegi Fumika, dereva wa lori la maziwa. Mzee anainama kwa heshima, anaanza: "Samahani sana, dada. Chini kuna kutu, halafu mafuta..."

"Mzee wangu, nimekuja kulinunua, sikuja kulizika," Fumika anamkatiza akicheka. "Hebu liwashe."

Injini inakohoa mara moja, kisha inanguruma. Fumika anaweka kiganja juu ya boneti.

"Kasoro nimezisikia. Sasa niambie uzuri wake."

Hakuna aliyewahi kumwuliza mzee hilo.

"Halikumwacha mke wangu njiani," anasema. "Hata siku ya kumpeleka hospitali, theluji ikiwa magotini, lilimfikisha."

Fumika anaingia, anakanyaga klachi mara mbili. "Lo! Hii inataka mguu wa dereva wa lori. Nalichukua, mzee. Na sibadilishi kitu."

Wanainamiana. Chinatsu anageukia ukutani, anajifuta macho kwa aproni.

Mzee ana ombi moja tu: theluji ikiyeyuka, Fumika aje kumchukua, ampandishe mlimani, yeye akiwa abiria.

"Miaka ishirini na miwili nimeliendesha," anasema. "Upande wa Sumie sijawahi kuukalia. Nataka nione alichokuwa akikiona."