Msusi wa Kamina na Nyumba Aliyoiandika Kabla ya Kuiona

Mvua imekatika. Chini ya bati la kibanda chake karibu na soko la Kamina, Nathalie Numbi anasuka nywele huku akisimulia.

"Feza akasukuma mulango. Mule ndani hakuna muntu, lakini kitanda kiko na joto."

"Nathalie, acha!" analalamika mteja. "Miye naishi peke yangu."

Feza ni mhusika mkuu wa riwaya ambayo Nathalie, mwenye miaka ishirini na saba, anaiandika kwenye simu. Ni msichana yatima anayemtafuta mama yake aliyekufa. Nathalie mwenyewe ni yatima. Alikuwa mchanga mama yake alipofariki, akalelewa na mama yake mdogo, mke wa askari, kwenye kambi ya jeshi. Naye alifariki bila kumwambia walikotoka.

"Wahusika nilibatoa kwa bantu ba hapa," anasema. "Nyumba, niliiwaza tu."

Nyumba hiyo ina mlango wa kijani na dirisha moja lililozibwa kwa udongo.

Mwaka jana Mama Ngalula, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kaniama, alikuja kusukwa. Simulizi ilipofika kwenye dirisha, akamshika Nathalie mkono.

"Lile dirisha, balizibaka sababu ya nini?"

"Sijui, mama. Bado sijaandika."

"Miye najua. Mama mwenye mutoto muchanga mu ile nyumba alikuwa anaona muntu anasimama inje, kila mangaribi. Mupaka akakufa. Nyumba iko Kaniama. Yeye, jina yake Kabange."

Kitana kilimponyoka Nathalie. Kabange ni jina la marehemu mama yake.

Walikwenda pamoja kwa pikipiki. Nyumba ipo, imeachwa miaka mingi, rangi ya kijani imebabuka. Nathalie aliweka kiganja kwenye udongo wa dirisha, upande wa kivuli.

"Ulikuwa na joto," anasema. "Halafu nikasikia muntu anapumua."

Hakuingia.

Tangu siku hiyo hajaandika neno. Katika sura ya mwisho aliyoipanga, Feza anaitwa na sauti ya mama yake, naye anaingia ndani. "Kila kitu niliandika kilikuwa kweli. Nikiandika Feza anaingia, nani ataingia?"

Mwalimu wa fasihi Lazare Nyembo, aliyezisoma sura zote, alikuwa akimsifia mandhari. Siku hizi anakwepa kuyazungumzia.

"Yule mtu wa nje hayumo kitabuni," anasema taratibu. "Nimemwambia, dada, usimweke."

Kiangazi kikifika, Nathalie atarudi Kaniama. Mama Ngalula anajua kaburi la Kabange lilipo. Watalisafisha na kumwombea misa. Kisha ataimaliza riwaya, ili wanafunzi wa Mwalimu Lazare waisome.

Feza ataingia au hataingia?

Nathalie anamalizia msuko, anafunga ncha kwa uzi.

"Safari hii nitaona kwanza," anasema. "Kisha njo niandike."